Bahari inakula kiwanja changu, nijenge ukuta au nifanyeje?

Mkaa Ufukweni:
Wakuu habari zenu. Nina kiwanja kimepakana na ufukwe na kila msimu wa mawimbi makubwa bahari inazidi kuingia, mwanzoni nilichukulia kawaida lakini sasa hivi mti uliokuwa katikati ya kiwanja uko ukingoni na mizizi inaning'inia nje. Jirani wa upande mmoja kajenga ukuta wa zege na tangu ajenge naona kwangu ndo kunaliwa kwa kasi. Fundi anasema nami nijenge tuunganishe na wa kwake, mwingine anasema panda mikoko. Kabla sijamwaga hela baharini naomba mwenye ujuzi anieleweshe, ukuta unasaidia kweli?

Fundi Mawe:
Unachokiona ni kweli mkuu. Ukuta ulionyooka wima wimbi likiupiga halifi pale, linarudi na nguvu zake na kuchota mchanga wa chini, halafu ukuta unapoishia maji yanazunguka yanaingia kwa anayefuata, ambaye ndo wewe. Subiri bamvua (zile siku maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida), maji yakishakupwa kabisa ukaangalie mguu wa huo ukuta. Ukikuta msingi uko wazi na kuna upenyo mkono unaingia, jua mchanga wa nyuma unanyonywa kupitia hapo kila maji yakitoka, na juu utaona ardhi inatitia vishimo vishimo. Ukuta wa hivyo haubomoki kidogo kidogo, unalala kipande kizima kwa mpigo.

Kama huna jinsi, panga mawe makubwa kwa mteremko, wimbi linachoka likipita kwenye nafasi za mawe. Ila chini lazima kiwekwe kile kitambaa cha kuchuja maji na mguu uchimbwe kina cha kutosha, hapo ndo wengi wanabana matumizi na mawe yote yanazama mchangani.

Bint Bahari:
Naongezea kwa Fundi. Ukuta ukijengwa vizuri unaokoa ardhi iliyo nyuma yake, ufukwe wenyewe hauokoi, na watu wanachanganya sana hivi vitu viwili. Mchanga hautulii sehemu moja, mawimbi yanayokuja kwa mshazari yanausogeza kufuata pwani, kwa hiyo wa kwako leo ulitoka kwa mwenzako jana. Swali la kwanza mimi ningeuliza: mchanga wenu ulikuwa unatoka wapi na nani kaukata? Inaweza kuwa kuna watu wanachota mchanga wa kujengea mtoni au hapo hapo ufukweni, inaweza kuwa kuna gati jipya, inaweza kuwa bwawa liko mbali huko bara. Misri bwawa kubwa la Aswan lilikamilika 1970, mashapo ya Nile (mchanga na tope linalobebwa na mto) yakabaki nyuma ya bwawa, na pale mto unapoingia baharini Rashid bahari ikazidi kula pwani. Na usawa wa bahari nao unapanda, duniani kote umeongezeka kama sentimita 20 tangu 1900, kwa hiyo pwani iliyokosa mchanga inaumia mara mbili.

Uholanzi wao wanairudishia pwani mchanga makusudi, mwaka 2011 walimwaga mchanga mita za ujazo zaidi ya milioni 21 sehemu moja karibu na The Hague wakaacha mawimbi na upepo vigawe vyenyewe. Hiyo ni kazi ya serikali, mtu mmoja haiwezi, lakini inaonyesha kinachotibu ugonjwa ni mchanga.

Mvuvi wa Nyavu:
Na msisahau mwamba jamani. Matumbawe yakiwa mazima wimbi linavunjikia kule nje, ufukweni linafika limeishiwa nguvu kabisa. Mwamba ukipigwa baruti au kuchimbwa kwa ajili ya chokaa mawimbi yanakuja mazima mazima. Majani ya baharini pia yanashika mchanga, nanga na kokoro (nyavu za kukokota) zikiyang'oa unabaki unatembea.

Halafu kuwa makini sana na suala la kufungua njia za maji. Saint-Louis kule Senegal mwaka 2003 walichimba mfereji wa upana wa mita 4 tu kwenye ulimi wa mchanga unaotenganisha mto na bahari ili kuokoa mji na mafuriko, bahari ikaupanua mpaka ukawa wa kilomita kadhaa na kijiji kikaondoka.

Mkaa Ufukweni:
Nashukuru sana wote. Sasa mikoko vipi, nipande?

Bint Bahari:
Kwako ni mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi moja kwa moja au kuna tope? Mikoko inataka tope na maji yaliyotulia. Watu wanapanda miche kwenye ufukwe wa wazi, wanapiga picha, bamvua mbili tatu yote imeng'oka, inauma kwa kweli. Kama ilikuwepo zamani ikakatwa hapo sawa, rudisha njia ya maji yake na mara nyingi mbegu zinajiotea zenyewe. Kama haikuwepo kamwe, acha majani yanayotambaa juu ya mchanga yaote, usifyeke wala kufagia, na weka uzio watu wasipite.

Pia piga picha sehemu ile ile kila bamvua. Na nyumba kama hujajenga bado, isogeze nyuma kadiri kiwanja kinavyoruhusu.

Fundi Mawe:
Hapo pa kusogeza nyuma nakubali kabisa. Na huo ukuta usiunganishe kwanza, kaa na jirani pamoja na wote wa upande huo mtafute injinia wa pwani aangalie eneo zima, maana ukijenga peke yako wa upande wa pili yako atakuja kuuliza swali hili hili.