Mtu dhidi ya injini ya sataranji mtandaoni: nani athibitishe kuwa amecheza kwa haki?

Mtoa mada: Mei 1997, New York, bingwa wa dunia Garry Kasparov alishindwa na Deep Blue, kompyuta ya sataranji ya IBM, kwa 3½–2½. Baada ya mchezo wa pili alishuku kuna mkono wa binadamu, akadai kumbukumbu za mashine, yaani rekodi za jinsi ilivyochagua hatua. IBM walikuja kuzitoa mechi imekwisha na shaka imeshaota mizizi. Leo tunacheza mtandaoni na hata kompyuta yenyewe hatuioni. Msimamo wangu: mwenye injini (programu inayocheza sataranji) asipotoa kumbukumbu, matokeo yasihesabiwe.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unambana asiye na kishawishi. Mashine ya Hydra ilimchapa bingwa wa Uingereza, Michael Adams, 5½–½ London mwaka 2005, na injini za sasa zimeiacha mbali. Zitafute msaada wa nani? Mtu ndiye mwenye sababu ya kuiba, maana injini ya Stockfish ni ya bure na inakaa kwenye simu. Awekewe kamera ya pili pembeni, inayoonyesha mikono, meza na skrini kwa pamoja.

Mtoa mada: Hiyo ni kweli injini ikicheza kwa nguvu zote. Lakini zipo mechi ambazo injini nyingine, Leela, inaanza bila farasi mmoja, au Stockfish imeshushwa kiwango. Mwenye injini akiongeza nguvu katikati ya mchezo, utamjuaje?

Mchangiaji wa pili: Utamjua, mkipanga mapema. Kabla ya hatua ya kwanza, mwenye injini atangaze toleo, mipangilio yote, na alama ya SHA-256 (msimbo unaokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili) ya faili la programu na la mtandao wake wa neva, yaani sehemu inayopima nafasi ubaoni. Akibadilisha hata herufi moja, alama haitalingana.

Kisha, kwenye mipangilio, Threads (idadi ya nyuzi, yaani kazi za utafutaji zinazoendeshwa kwa pamoja) iwe 1, Hash (jedwali la kuhifadhi matokeo ya utafutaji) iwe na ukubwa uliotajwa, Ponder (kufikiri wakati wa zamu ya mpinzani) izimwe, na kila hatua itafutwe kwa idadi maalumu ya nodi (nafasi za ubao zinazochunguzwa), si kwa sekunde. Sababu ni hii: nyuzi zikiwa nyingi zinapishana kwa namna isiyojirudia, na sekunde zilezile hutoa nodi chache prosesa ikipata moto. Kwa uzi mmoja na nodi maalumu, mtu yeyote anarudia mchezo kwake na kupata hatua zilezile. Ila asianzie hatua ya 30. Jedwali la Hash limebeba mabaki ya utafutaji uliotangulia, kwa hiyo anaanza mwanzo kabisa na kufuata mfuatano.

Mpango huu unakwama penye Skill Level, mpangilio wa kushusha kiwango. Stockfish iliyoshushwa hivyo huchagua hatua dhaifu kwa bahati nasibu, hairudiwi. Bora kupunguza nodi. Leela kwenye kadi ya picha ya kompyuta (GPU) nayo inaweza kutofautiana kidogo kati ya kadi na kadi, hivyo hapo kumbukumbu kamili ni lazima.

Mchangiaji wa kwanza: Nakubali kwa mashine. Kwa mtu bado, na onyo moja: kwenye mechi za farasi pungufu msitumie asilimia ya hatua za mtu zinazolingana na za injini peke yake. Aliyezidi farasi anabadilishana vipande tu, na hatua hizo rahisi ndizo injini nayo inazipenda. Asilimia inapanda bila wizi. Tazameni muda: anayetumia sekunde 8 kurudisha kipande cha lazima, na sekunde 8 zilezile kupata kafara ya kina (kutoa kipande makusudi kwa faida ya baadaye), huyo aulizwe. Hata hivyo, takwimu iitishe uchunguzi, isitoe hukumu.

Mchangiaji wa tatu: Wote mmesahau mwamuzi. Bonn mwaka 2006, bingwa wa dunia Vladimir Kramnik aliruhusiwa kuona kitabu cha funguzi (orodha ya hatua za mwanzo zilizoandaliwa) cha programu ya Deep Fritz wakati inakitumia. Alipoteza 4–2, lakini hilo lilikuwa sharti lililokubaliwa kabla. Mtandaoni twende mbali zaidi: injini iendeshwe kwenye seva ya mwamuzi. Anayeogopa faili lake kuvuja amkabidhi mwamuzi peke yake, alama ya SHA-256 ibaki hadharani.

Mchangiaji wa pili: Naunga mkono, na ongezeni kifungu cha kukatika mtandao. Injini ikiwashwa upya, Hash inaanza tupu na hatua inayofuata inaweza kubadilika. Mwamuzi aandike ilizimika baada ya hatua ya ngapi, la sivyo mhakiki atapata hatua tofauti na kumtuhumu asiye na kosa.