Mjadala: Elimu ya Mungu ndiyo Mungu mwenyewe, au ni sifa iliyo zaidi ya dhati yake (nafsi yake yenyewe)?

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Qurani inamwita Mwenyezi Mungu Mjuzi, Muweza, Mwenye kusikia. Elimu yake haina mwanzo, sawa? Mu'tazila wa Basra, wanateolojia wa kale wa Kiislamu waliotanguliza akili, wangekubana hapo hapo: basi kuna Mungu, kuna elimu, kuna uwezo, vyote vya tangu azali. Tauhidi iko wapi? Ndiyo maana mmoja wao, Abu al-Hudhayl, akashikilia kwamba Mungu anajua kwa elimu ambayo ni Yeye mwenyewe.

Nadhani tunawakataa kwa sababu ya mihna tu, ule mtihani wa imani uliotumia fundisho lao. Mwaka 833 khalifa al-Ma'mun alianza kuwalazimisha makadhi na wanazuoni wakiri kwamba Qurani imeumbwa. Chini ya mrithi wake, al-Mu'tasim, Imam Ahmad ibn Hanbal, mwanachuoni aliyekataa, akachapwa mijeledi. Udhalimu mtupu. Ila hoja yenyewe nani kaijibu?

MCHANGIAJI WA 1
Al-Ash'ari, mwanzilishi wa mkondo wa Kiash'ari, kaijibu, naye alikuwa mwanafunzi wa al-Jubba'i, kiongozi wa Mu'tazila, kwa hiyo aliwajua kutoka ndani. Kama elimu ndiyo dhati na uwezo ndio dhati, basi elimu ni uwezo! Waliosoma sifa ishirini za Mungu madrasa wanakumbuka: elimu inahusika na wajibu (kisichoweza kutokuwapo), jaizi (kinachowezekana) na muhali (kisichowezekana), uwezo unahusika na jaizi peke yake. Mungu anajua kuwa mshirika wake ni muhali. Utasema pia anaweza kumuumba?

MCHANGIAJI WA 2
Lakini huyo huyo al-Ash'ari alipoulizwa sifa ni nini, jibu la wafuasi wake likawa "si Yeye, wala si kinginecho." Mantiki gani hiyo? Sisi Maibadhi, madhehebu ya Kiislamu yaliyopo Oman na Zanzibar, tunasema sifa za dhati ni dhati yenyewe, basi. Na msituite Mu'tazila, tafadhali.

MCHANGIAJI WA 3
Nyote mmekwishaingia kwenye falsafa ya Wayunani. Imam Ahmad alizipokea sifa kama zilivyokuja, bila kuuliza vipi. Yanatosha.

MLETA MADA
Wa 3, yangetosha kama mwanafalsafa Ibn Sina asingekuja kusema Mungu anayajua mambo ya mmoja mmoja kwa namna ya jumla tu. Ghazali, mwanachuoni wa Kiash'ari, alimkufurisha kwa hilo, na haikutosha kumwambia "usiulize vipi". Ilibidi aandike kitabu kizima. Jibu ninalolipenda zaidi ni la mwanafalsafa Ibn Rushd: elimu yetu inasababishwa na vitu, ya Mungu ndiyo inayovisababisha, kwa hiyo si ya jumla wala si ya mmoja mmoja kama tuijuavyo sisi.

Wa 1, hoja ya muhali imenikaa kooni, nakiri. Ila nijibu hili: zile sifa saba kati ya ishirini, kuanzia uwezo hadi kusema, zikiwa ni zaidi ya dhati, je, dhati inazihitaji ili iwe kamili? Ukisema inazihitaji, Ibn Sina anakungoja mlangoni na hoja yake kwamba Mungu hahitaji kitu. Ukisema haizihitaji, zina kazi gani?