Mama ana sukari, mbona kaandikiwa dawa ya mawazo?

BintiAhero: Naomba mnieleweshe. Mama yangu ana sukari tangu 2014. Siku hizi nyayo zinamwaka moto usiku, hata shuka hataki imguse. Jumanne nilimpeleka kliniki Kisumu, daktari akampima miguu kwa kiuzi kigumu, akamwandikia amitriptyline miligramu 25, kimoja usiku. Kufika duka la dawa, kijana wa pale akasema mbele ya watu, "Hii ni ya wagonjwa wa akili." Mama alinyamaza kwenye matatu mpaka tukashuka Ahero, ndipo akaniuliza, "Kwani mmeniona nimerukwa na akili?" Vidonge viko juu ya kabati, havijaguswa. Imeniuma sana. Daktari alikosea?

NesiNakuru: Pole dada. Hakukosea, na huyo kijana hakufaa kusema vile. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu neva za miguu, zikawa zinapeleka habari ya moto na moto haupo. Panadol haisaidii sana hapo. Amitriptyline huongeza serotonini na noradrenalini, kemikali ambazo neva hutumia kupelekeana habari. Kwenye ubongo hizo huondoa huzuni, na kwenye uti wa mgongo huzuia habari ya maumivu isipande. Ni kazi mbili za dawa moja. Hata kipimo ni tofauti: mwenye mawazo mara nyingi hufika 75 au zaidi, wa neva huanza 10 au 25. Mwonyeshe mama hiyo 25. Italeta usingizi na mdomo kukauka, na akiamka usiku akae kitandani kidogo kabla ya kusimama. Nafuu huchukua wiki kadhaa. Kama ana shida ya moyo au presha ya macho, daktari ajue kabla hajaanza.

MzeeKakamega: Mimi nanywa carbamazepine, dawa ya kifafa, na sijawahi kuanguka kifafa. Ni ya neva ya uso. Zamani nikipitisha wembe shavu la kushoto ilikuwa kama kupigwa na stima. Mwambie mama asione haya.

BintiAhero: Asanteni sana. Nimemsomea yote, kwa Kijaluo, mara mbili. Hapo kwenye macho akanishika mkono: mwaka jana aliambiwa ana presha ya jicho la kulia, na Jumanne hatukusema. Kesho asubuhi nampigia daktari kwanza.