Wish inakula oili: nifanye ovahoo au nifunge injini ya mtumba?

Mtoto wa Urambo
Wakuu, habari za jioni. Nina gari, Toyota Wish, inatoa moshi na inakula oili. Fundi mmoja hapa Tabora mjini anataka ovahoo, yaani tufumue injini na kuitengeneza upya, laki nane ya ufundi, spea juu yangu. Mwingine anasema niagize injini Dar kwa milioni moja na nusu, ikifika anafunga. Malipo ya tumbaku yakiingia nataka niwe nimeshaamua. Ipi bora?

Kanyenye Boy
Mkuu, umeleta mgonjwa bila kusema anaumwa wapi. Moshi wa rangi gani? Unatoka asubuhi ukiwasha, au ukikanyaga mafuta? Ina kilomita ngapi? Ni 1.8 au 2.0? Ile ya 2.0 ni D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, habari nyingine kabisa.

Bi Cheyo
Na maji je, yanapungua? Moshi mweupe usiokata hata injini ikishapata moto, na maji yanapotea, hapo shuku gasketi ya silinda hedi. Ringi za pistoni hazihusiki.

Dereva Sikonge
Uza, nunua Probox. Nimemaliza.

Mzee wa Spana
Vijana, kabla shilingi haijatoka mfukoni pimeni kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Plagi zote nne zitoke, geji iingie, mtu apige starta huku amekanyaga mafuta hadi chini. Silinda iliyo dhaifu mimina kijiko cha oili, pima tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tazama valvu.

Moshi wa asubuhi tu, unaokata baada ya muda, mara nyingi ni sili za valvu, na hizo fundi anayejua kazi hubadilisha bila kushusha injini. Halafu kuna valvu ya PCV, kidude cha bei ndogo kinachopitisha mvuke wa ndani ya injini urudi kuchomwa. Ikiharibika oili inanyonywa kuingia kwenye njia ya hewa ya injini. Itoe, itikise. Isipolia, badilisha. Watu wamefumua injini nzima kwa sababu ya hicho kidude.

Kanyenye Boy
Nakubali, ila kwa 1ZZ, ile injini ya Wish 1.8, kompresheni inaweza kuwa safi na bado inakunywa oili. Zile za mwanzo pistoni zake zina matundu madogo ya kurudishia oili, masizi yanaziba, ringi ya oili inakwama. Ringi za juu, zinazoshika kompresheni, ziko salama, geji haioni kitu. Toyota wenyewe walibadilisha hizo pistoni baadaye. Fundi akirudisha ringi mpya kwenye pistoni za zamani bila kuzibua matundu, laki nane imekwenda. Na akikwambia "tutachonga silinda", kimbia. Bloku ni alumini, na laini zake, yaani kuta za chuma za silinda, ni nyembamba.

Nzega Kwetu
Ngoja niwaambie ya mtumba. Niliagiza injini, picha ya WhatsApp inang'aa, kumbe imeoshwa. Ikaja na lori. Kufungua kifuniko cha oili, tope jeusi. Fundi akasema imeshafika, tufunge tu. Ikawaka vizuri, kila mtu gereji akapiga makofi. Kabla sijafika Igunga taa ya oili ikawaka, injini ikaanza kugonga. Tope lilikuwa limeziba chujio la pampu. Gari likavutwa kurudi. Nampigia muuzaji, ananiuliza, "Iliwaka?" Nikasema iliwaka. Akasema dhamana ndiyo hiyo. Injini yangu ya kwanza, ambayo kosa lake lilikuwa kula oili tu, gereji walishaiuza chuma chakavu.

Dereva Sikonge
Probox.

Bi Cheyo
Hapo kosa ni la muuzaji. Mtume ndugu yako aliyeko Dar afungue kifuniko mwenyewe kabla hajalipa. Na kumbuka namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Ukifunga nyingine bila kurekebisha kadi, siku ya kuuza mnunuzi atakusumbua.

Mtoto wa Urambo
Ni 1.8. Moshi wa bluu. Dashibodi inasema laki moja na tisini, ila nilinunua kwa mtu, siapi. Maji hayapungui. Moshi sijui unatoka saa ngapi, mimi niko mbele, moshi uko nyuma.

Mzee wa Spana
Mpe mtu aendeshe, wewe fuata na bodaboda.

Ipuli One
Mnamzungusha. Atie oili nzito, 20W-50, moshi utapungua, msimu ujao atajua la kufanya.

Kanyenye Boy
Utapungua, na VVT-i, mfumo unaorekebisha muda wa valvu kwa nguvu ya oili, itaanza kulalamika. Njia yake ya oili ina kichujio kidogo sana.

Ipuli One
Tabora joto lote hili unataka oili nyepesi, 5W-30? Mimi natumia nzito miaka yote.

Kanyenye Boy
Kwenye gari gani?

Ipuli One
Hilux ya dizeli.

Bi Cheyo
Haya.

Mtoto wa Urambo
Kwa hapa mjini nani ana geji ya kompresheni? Fundi wangu anasema yeye anasikiliza kwa sikio.

Nzega Kwetu
Badilisha fundi kwanza.

Mwana Kaliua
Samahani kudandia uzi. Noah yangu ikiwa baridi gia ya kwanza inachelewa kushika, kisha inaruka. Niongeze haidroliki, ile oili ya gia otomatiki, au gia boksi ndiyo imekwisha?

Mzee wa Spana
Noah ya mwaka gani? Haidroliki ina rangi gani? Inanukaje?