Udongo wa Bahi uliopigwa nyutroni: upimwe huko huko au urudishwe nchini?

MtafitiDodoma:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina sampuli za udongo wa mashamba ya mpunga kandokando ya mbuga ya Bahi, na ninataka kujua viwango vya aseniki, urani na risasi. Kwa kuwa nchi yetu haina kinu cha nyuklia cha utafiti, nimefikiria zipigwe nyutroni nje ili elementi zake ziwe nururishi, kisha zirudishwe zipimwe hapa nyumbani miale ya gama inayotambulisha kila elementi. Je, mpango huu unafaa?

FundiGama:
Ndugu, kwa aseniki haufai. Aseniki-75 ikimeza nyutroni huwa aseniki-76, ambayo nusu-maisha yake (muda wa nusu yake kuoza) ni saa 26 tu. Mzigo ukikwama forodhani wiki mbili, hutakuta cha kupima. Wapime huko huko, ila wasiharakishe. Udongo wa mbugani una chumvi, na sodiamu-24, yenye nusu-maisha ya saa 15, hufunika kila kitu mwanzoni. Baada ya siku tatu sodiamu hiyo hubaki kama sehemu moja ya 28, ilhali aseniki hubakiza takriban asilimia 15, na kilele chake kwenye grafu ya gama, cha nishati ya kiloelektronivolti 559, huanza kuchomoza. Wasikichanganye na cha bromini cha 554, maana penye chumvi bromini haikosi.

Risasi iondoe kwenye orodha. Hata ikipigwa nyutroni kutwa kucha, haitoi gama ya kutegemewa. Itafutie mashine ya eksirei.

MjiolojiaManyoni:
Naongeza kuhusu urani. Wengi hapa hufungia udongo kwenye chombo kwa wiki nne hivi ili gesi ya radoni isitoroke, wakasoma kilele cha bismuthi-214 cha 609, wakaandika kuwa hiyo ni urani. Kwa kweli wamepima rediamu, zao la kuoza kwa urani, ambalo huzaa radoni na hatimaye bismuthi hiyo. Katika amana za juujuu kama za Bahi na Manyoni, maji huihamisha urani na kuiacha rediamu nyuma, au kinyume chake, kwa hiyo hesabu hizo mbili si lazima zilingane. Nyutroni huigusa urani yenyewe, nayo husomwa kupitia neptuniamu-239 inayozaliwa humo, yenye nusu-maisha ya siku 2.36. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sababu hasa ya kuingia gharama za kusafirisha.

Usisage sampuli kwa kinu cha chuma, kitaziachia kromiamu. Tumia cha jiwe la akiki.

MtafitiDodoma:
Nashukuru sana. Nitaomba basi zipigwe pamoja na udongo rejea, yaani wenye viwango vinavyojulikana, na zipimwe tena baada ya wiki tatu kwa ajili ya kromiamu na kobalti. Lanthanamu na seriamu nazo nizichukue?

FundiGama:
Zichukue, ila urani ikiwa nyingi usizitumie kabla hazijasahihishwa, kwa sababu urani-235 ikipasuka kwa nyutroni huzaa isotopi zile zile za lanthanamu na seriamu, nawe utadhani zimetoka shambani.