Tanuri la kuni la nje linachemsha vizuri, nyumba ina baridi: naomba ushauri

Wakuu, habari za baridi. Tuko Maine, Marekani. Tanuri linapasha maji ya kuongeza joto nyumbani; liko mita 30 kutoka nyumbani, maji yanakuja kwa bomba la PEX (plastiki ya maji moto) la inchi 1 lililofukiwa. Vipimo viko hivi: maji yanatoka tanurini nyuzi 80 za Selsiasi, yanaingia nyumbani 74, yanatoka kwenye kibadilisha joto (kinachohamisha joto la maji kwenda ndani ya nyumba) 63, yanarudi tanurini 59. Vimepimwa kwa waya wa kipimajoto uliofungwa kwenye viungo vya shaba na kufunikwa sponji, maana kile cha mionzi kinadanganya juu ya plastiki.

Kuni zina unyevu chini ya asilimia 20. Chujio limesafishwa, hewa imetolewa. Bomba la kurudi linajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja, kwa hiyo pampu siilaumu sana.

Kwa mtiririko huo, nyuzi 11 za nyumbani (74 hadi 63) ni kama kilowati 15, na nyuzi 10 zinazopotea njiani (6 kwenda, 4 kurudi) ni kama 14. Karibu nusu ya kuni tunapasha udongo! Theluji nayo inayeyuka mstari mmoja juu ya mtaro. Nahisi maji yameingia kwenye ganda la nje linalofunika bomba. Ndani yake, kuzuia joto lisipotee, kuna karatasi ya mapovu tu, si povu gumu lililoshikana na bomba.

Je, kuyanyonya maji kwa pampu ndogo kutasaidia hadi ardhi ilainike, au yatarudi tu? Na kuna kipimo kingine cha kufanya kabla ya kuchimba?