Mjadala: Je, Harlem Globetrotters walimdhalilisha mtu mweusi?

Wakuu, juzi baada ya mazoezi ya kikapu tulibishana mpaka taa za uwanja zikazimwa. Rafiki yangu anashikilia kwamba Harlem Globetrotters, ile timu ya kikapu ya Marekani inayochanganya mchezo na vichekesho, walikuwa weusi waliolipwa kuwachekesha wazungu wa Marekani, na kwamba sisi tunaowakumbuka kwa furaha tunaishangilia fedheha. Nimelala na hoja hiyo siku mbili. Nakataa, ingawa si yote.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Mjomba alikuwa na mkanda wa video uliochakaa, picha ikiruka kila ukifika katikati. Meadowlark Lemon, mchekeshaji mkuu wa timu, ana ndoo mkononi, anamkimbiza mtu kuzunguka uwanja, kisha anaimwaga kwa watazamaji. Watu wanajikunyata wakidhani ni maji, kumbe ni vipande vya karatasi. Halafu anakuja mwenzake Curly Neal, kipara kinang'aa, anateleza kwa magoti huku mpira ukidunda shibiri moja tu kutoka sakafuni, wapinzani wanamwinamia na hakuna anayeugusa. Tulicheka hadi machozi. Lakini mkanda ulipoisha, sote tulikimbilia uani na mpira, kila mtu anataka kudunda kama Neal, magoti yakachubuka. Ndoo hakuna aliyeikumbuka.

Ndiyo maana nasema walikuwa wachezaji kwanza. Timu ilianzia Chicago miaka ya 1920 chini ya Abe Saperstein, mzungu aliyeimiliki. Jina la Harlem, mtaa wa weusi jijini New York, lilibandikwa ili watu wajue wachezaji ni weusi, na Harlem yenyewe hawakucheza hadi 1968. Mwaka 1940 walitwaa ubingwa wa dunia wa timu za kulipwa. Februari 1948 wakakutana na Minneapolis Lakers ya George Mikan, jitu la enzi hizo, pale Chicago Stadium. Muda ukiyoyoma, matokeo sare, Ermer Robinson wa Globetrotters akaachia mpira kutoka mbali. Ukaingia. 61 kwa 59. Mwaka uliofuata wakawafunga tena. Baada ya hapo nani angesema mweusi hawezi kikapu cha kweli? Mwaka 1950 milango ya NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, ilifunguka kwa weusi, na New York Knicks walimnunua Nat Clifton kutoka kwa Globetrotters haohao.

Sasa upande wa pili, maana kuna hoja inayouma. Bill Russell, mweusi aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa NBA, alipokuwa anamaliza chuo, Saperstein alimtaka. Alipokwenda kumshawishi, mazungumzo ya maana aliyafanya na kocha wa Russell wa chuo, Russell mwenyewe akaachwa pembeni kama mtoto. Russell akakataa kujiunga, akaenda Boston Celtics. Hapo simtetei Saperstein hata kidogo. Na mwaka 1951 timu hii ilicheza Berlin mbele ya watu 75,000, wakati kwao kulikuwa na hoteli zisizowapa chumba. Fedheha ilikuwepo, tena kubwa. Ninachobishia ni kumbebesha Goose Tatum, mchekeshaji wao mwingine, au Lemon fedheha ya waliofunga milango.

Mtu anayeweza kumfunga Mikan kisha akachagua kukuchekesha, huyo anakuchezea, wewe ndiye unayechezewa. Tazama kina Washington Generals, wapinzani wao wa miaka yote: suruali inavutwa, mpira unafichwa ndani ya jezi, na anayeonekana bwege ni mzungu. Marekani ya miaka ya 1950 ulikuwa unaona wapi pengine jambo hilo, hadharani, na watu wamelipa kiingilio?

Mnaounga mkono upande wa rafiki yangu karibuni, nawasikiliza kwa moyo mweupe. Ila mnijibu hili kwanza: mwaka 1948, Marques Haynes wa Globetrotters, fundi wa kudunda kuliko wote, na ligi iliyokuja kuwa NBA haina mweusi hata mmoja, mlitaka akachezee wapi?